Ndege wa mafunjo wamepungua: namna ya kujua kama tabianchi ndiyo sababu

Kwenye mialo ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, iwe Igombe, Kayenze au Kirumba, siku hizi lawama zote zinaangukia tabianchi. Viboko hawaonekani, ni tabianchi. Furukombe, yule tai mla samaki, hasikiki asubuhi, ni tabianchi. Huenda ni kweli. Lakini dai hilo limebeba mambo mawili kwa mpigo: kwamba wanyama wamepungua kweli, na kwamba kilichowapunguza ni hali ya hewa iliyobadilika. Kila moja linahitaji ushahidi wake, na la pili ndilo linalowashinda wengi, wakiwemo wenye shahada.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo, mwalimu mwenye klabu ya mazingira, mwanakikundi wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni), au mtu yeyote mwenye daftari, saa ya mkononi na uvumilivu wa miaka. Mfano mkuu utakuwa ndege wanaoishi kwenye mafunjo, kwa sababu mafunjo yapo karibu nasi na maisha yake yote yanategemea kina cha maji. Viboko, furukombe na samaki nitawagusa pale watakaposaidia.

Chora mnyororo kabla ya kushika kasia

Tabianchi ni nadra kuua kwa mkono wake yenyewe. Mara nyingi hutuma wengine: njaa, moto, kupe, jembe la mkulima. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu mnyama yeyote, kaa chini uandike njia nzima kutoka mvua hadi kifo, pingili moja baada ya nyingine.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua umetokea jirani yetu, Serengeti. Mwaka 1994 simba walikufa kwa wingi, takriban theluthi moja ya wote. Muuaji alijulikana upesi: virusi vya distempa, ambavyo chanzo chake ni mbwa. Habari ingeweza kuishia hapo. Lakini watafiti walipopima sampuli za damu zilizotunzwa kutoka miaka mingine, walikuta kwamba distempa iliwahi kupita kwa simba hao hao bila kuleta msiba. Kilichoutofautisha mwaka 1994 ni ukame mkali uliotangulia. Nyati walidhoofika, kupe wakawajaa. Simba wakala nyati wengi waliodhoofika, wakapata vijidudu vya babesia vinavyoenezwa na kupe. Distempa inashusha kinga ya mwili, babesia ikapata mwanya. Mwaka 2001 mambo yakajirudia kwa simba wa Ngorongoro, tena baada ya ukame.

Angalia pingili zilivyopangana: ukame, nyati dhaifu, kupe, babesia, distempa, simba wafu. Anayepima mvua na simba peke yake angeona uhusiano asijue umetoka wapi. Anayepima virusi peke yake angesema ukame hauhusiki kabisa.

Sasa mnyororo wa mafunjo. Mmoja unakwenda hivi: mvua inakuwa haba, ziwa linashuka, ukanda wa tope unabaki wazi, watu wanapanda viazi na mpunga, mafunjo yanakatwa na kuchomwa, ndege wanakosa pa kujenga viota. Mwingine unakwenda kinyume: mvua inazidi, ziwa linapanda, mawimbi yanang'oa mafunjo vipande vipande na kuyapeleka kama visiwa vinavyoelea, ndege wanakosa makazi vile vile. Ziwa likishuka au likipanda, ndege anaweza kuumia, ila kwa njia tofauti. Ukichora mistari hii miwili kwenye karatasi utaona papo hapo unachotakiwa kupima: mvua, kina cha maji, ukubwa wa mafunjo, mashamba, moto, na ndege wenyewe. Pingili usiyoipima usiizungumzie kwenye hitimisho lako.

Chagua mnyama anayekaa

Ndege wahamiaji wanaotufikia kuanzia Oktoba na Novemba kutoka Ulaya na Asia wanavutia, lakini usianze nao. Wakipungua, tatizo linaweza kuwa kule wanakozaliana au jangwani njiani, wala Ghuba ya Mwanza haina hatia. Chagua mkaazi wa kudumu, mwenye sauti au umbo lisilochanganywa na la mwingine, na anayetegemea kitu kimoja kinachopimika.

Kwenye mafunjo ya ukanda wa ziwa, ikiwemo mlangoni mwa mto Mara, yupo ndege mwenye kifua chekundu cha kuwaka, mgongo mweusi, mstari mweupe bawani na utosi wa rangi ya manjano iliyofifia. Wanasayansi humwita Laniarius mufumbiri. Nje ya mafunjo humwoni kirahisi, na ndiyo sababu anafaa: mafunjo yakiondoka hana pa kukimbilia. Mahali ulipo kama hayupo, wapo ndege wengine wadogo wa mafunjo. Au chukua furukombe, ambaye kiota chake ni rundo la vijiti juu ya mti mrefu na huonekana toka mbali. Kongoti usimchague. Wale korongo wenye upara wanaosimama madamponi mjini wanafuata taka na mabaki ya samaki, na idadi yao itakueleza habari za jiji kuliko za mvua.

Vibali na hodi

Utafiti wa wanyamapori Tanzania unasimamiwa na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na vibali vya utafiti hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Ukitaka kuingia Saanane au Rubondo, ambazo ni hifadhi za taifa, utahitaji pia ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Hata kama unahesabu tu ndege kando ya kijiji chako, piga hodi ofisi ya mtendaji na kwa viongozi wa BMU. Mtu mwenye darubini na daftari anayezunguka mafunjoni alfajiri hudhaniwa ni afisa anayesaka nyavu haramu, makokoro na timba, na ukishadhaniwa hivyo hakuna atakayekwambia ukweli.

Tafuta jana ilikuwaje

Bila kujua hali ya zamani huwezi kusema kimepungua. Ghuba ya Mwanza yenyewe ni funzo la dunia nzima katika hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walianza kuchunguza furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, hapa miaka ya 1970, wakiwavua kwa mpangilio na kuandika kila kilichopatikana, kabla sangara hajatawala. Sangara alikuwa ameletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipofumuka katikati ya miaka ya 1980, furu waliporomoka, na inakadiriwa kuwa aina zipatazo mia mbili zilipotea ziwani. Tunajua hivyo kwa sababu mtu alikuwa amehesabu kabla. Kama tungekuwa na rekodi za joto la maji peke yake, leo tungekuwa tunafundisha kwamba furu waliuawa na joto. (Miongoni mwa waliobaki yupo mmoja mwenye mistari kama ya punda milia, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu. Wavuvi wengi wa hapa hawajui.)

Vyanzo vya kutafuta ni hivi: rekodi za TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, kwa upande wa samaki, kumbukumbu za wahifadhi, hesabu ya ndege wa majini inayofanyika kimataifa kila Januari, picha za familia zilizopigwa ufukweni, na picha za setilaiti za Landsat, ambazo zipo bure tangu 1972, na tangu miaka ya 1980 kila nukta ya picha ni mita 30 kwa 30. Kwa picha za Februari za miaka tofauti unaweza kuchora mpaka wa mafunjo ulivyohama. Tumia mwezi ule ule kila mwaka, la sivyo utakuwa unalinganisha kiangazi na masika.

Halafu kuna wazee. Usiwaulize "Zamani ndege walikuwa wengi?" Kila mtu atajibu ndiyo. Zamani huwa na kila kitu kingi. Funga swali kwenye tukio ambalo mtu hawezi kulisahau, kisha uliza alichofanya, siyo anachofikiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu."

"Mzee, mwaka ule MV Bukoba ilipozama, ulikuwa unavulia wapi?"

"Mwaka ule nilikuwa Kome."

"Ukitoka na mtumbwi asubuhi, mafunjo yalianzia wapi? Ungeweza kuegesha pale penye ule mwembe?"

"Pale? Hapana. Pale palikuwa mafunjo matupu, tulikuwa tunazunguka mpaka kwenye mawe."

Jibu hilo unaweza kwenda kulipima kwa hatua za miguu, ukalilinganisha na picha ya setilaiti ya 1996. Matukio ya kufungia swali tunayo ya kutosha: mvua kubwa za wakati wa Uhuru mwaka 1961, Vita vya Kagera, MV Bukoba Mei 1996, Elnino ya 1997 na 1998, maji yalipofukuza watu ufukweni 2020. Uliza wazee kadhaa, mmoja mmoja. Ukiwakusanya pamoja, mwenye sauti kubwa atawajibia wote.

Kuhesabu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo tafiti nyingi za kwetu zinapolegea.

Weka vituo kandokando ya mafunjo, umbali wa mita 200 au zaidi kati ya kimoja na kingine, na uvichague kwa bahati nasibu kwenye ramani. Ukichagua pale unapojua ndege wapo, baada ya miaka idadi itashuka hata kama hakuna kilichobadilika, kwa sababu ulianzia kileleni. Kila kituo kipe namba na majiranukta ya GPS.

Fika saa 12 na nusu asubuhi, malizia saa 3. Zima injini mapema, ingia kwa kasia. Tulia dakika mbili ili ndege wazoee, kisha sikiliza dakika kumi kamili. Andika aina, idadi, umesikia au umeona, na kama yupo ndani ya mita 50 au nje yake. Andika pia upepo, mawingu, na jina la aliyehesabu. Jina la mhesabuji linaonekana la ziada, lakini masikio ya watu yanatofautiana sana, na ukibadilisha mtu mwaka wa tatu, "upungufu" wako unaweza kuwa ni uziwi wa mtu mmoja.

Huyu ndege mwekundu ana mtego wake. Jamii yake huimba kwa kuitikiana, dume na jike, kwa kasi inayokufanya usikie kama sauti ya mmoja. Ukisikia mlio na mwitikio vikitoka sehemu moja, andika "jozi". Vikitoka sehemu mbili zilizo mbali, subiri uone kama vinasogeleana. Usicheze rekodi ya sauti yake kwenye simu ili ajitokeze. Utamwondoa kwenye kiota na utaharibu hesabu.

Kutomsikia siyo ushahidi kwamba hayupo. Tuseme ndege yupo kituoni na uwezekano wa kumsikia kwa ziara moja ni nusu. Ukienda mara moja, nusu ya vituo vyenye ndege vitaonekana vitupu. Ukienda mara tatu, uwezekano wa kumkosa mara zote ni nusu ya nusu ya nusu, yaani kituo kimoja katika vinane. Kwa hiyo rudia kila kituo angalau mara tatu ndani ya msimu mmoja, na uweke kila ziara kwenye safu yake bila kuzijumlisha. Rekodi hizo ndizo zitakazokuwezesha baadaye kutenganisha "hayupo" na "hakusikika".

Kwa viota vya furukombe tumia watu wawili wanaohesabu bila kuambizana. Mfano wa kubuni: wa kwanza kaona viota 24, wa pili 20, na 16 wameviona wote wawili. Zidisha 24 kwa 20, gawanya kwa 16, unapata 30. Hiyo ndiyo makadirio ya viota vyote, vikiwemo ambavyo hakuna aliyeviona. Viboko ni hadithi nyingine. Huzama dakika kadhaa kisha huibuka kwa zamu, kwa hiyo keti mahali pa juu nusu saa, hesabu vichwa kila baada ya dakika tano, na uchukue hesabu kubwa kuliko zote. Usiwahesabu ukiwa mtumbwini, na kamwe usikae kati ya kiboko na maji marefu.

Jaketi okozi ni lazima. Mabuti ya mpira pia, kwa sababu ya kichocho, ambacho kwenye ukanda huu siyo cha kusimuliwa.

Mvua na maji

Omba takwimu za mvua na joto kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Kwa kina cha ziwa nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyopo hapa Mwanza. Zipo pia takwimu za bure za mvua za setilaiti, kwa mfano CHIRPS zinazoanzia 1981, na vipimo vya kina cha ziwa kwa setilaiti tangu 1992. Usichukue mvua ya kituo cha uwanja wa ndege ukaipeleka Bukoba: upande wa magharibi wa ziwa hupata takriban mara mbili ya mvua ya Mwanza. Kipima mvua cha plastiki ukikifunga shuleni, mwalimu akakisoma kila saa 3 asubuhi, kinazidi makadirio mengi.

Wastani wa mwaka hauambii kitu mnyama. Tafuta kinachomgusa: vuli ilianza lini, siku ngapi zilipita bila mvua katikati ya masika, ziwa lilipanda sentimita ngapi wakati wa kutaga.

Na hata kina cha ziwa hakisomeki kijinga. Kati ya 2004 na 2006 ziwa lilishuka hadi chini ya kiwango chochote kilichoonekana tangu mvua za 1961. Ukame ulikuwepo, ni kweli. Lakini kipindi hicho hicho maji mengi kuliko ilivyokubaliwa yalikuwa yakifunguliwa kule Jinja, Uganda, kwa ajili ya umeme. Sehemu kubwa ya mshuko ule ilitokana na mabwawa. Mtu aliyepima mafunjo ya Magu miaka ile akaandika "tabianchi" alikuwa amekosea kwa kiasi kikubwa bila kujua, ingawa vipimo vyake vyote vilikuwa sahihi. Kupanda kwa 2020 ni tofauti. Mvua kubwa zilizoanza 2019, wakati maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki yalipokuwa na joto kupita kawaida, zililifikisha ziwa mwezi Mei kwenye kiwango cha rekodi ya 1964. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili hutoka kwenye mvua inayolinyeshea lenyewe, hivyo mvua ikizidi, ziwa hujibu.

Watuhumiwa wengine

Kila ziara, kwenye ukurasa ule ule wa daftari, jaza pia haya:

- mafunjo yaliyokatwa au kuchomwa ndani ya mita 100, na shamba jipya kama lipo. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, kwa hiyo uliza kwa upole
- magugu maji, yamefunika kiasi gani
- mitego, nyavu zilizotelekezwa, sumu ya kuvulia
- wanyama wafu, na dalili za ugonjwa. Usiwaguse, mpigie daktari wa mifugo wa wilaya
- ujenzi, mchanga unaochimbwa, maji machafu

Magugu maji yana somo la ziada. Yaliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, yakatanda katikati ya miaka ya 1990, kisha yakapungua sana baada ya wadudu maalumu kuachiliwa na dhoruba za Elnino kuyavunjavunja. Hapo hali ya hewa ilikuwa upande wa ndege.

Kulinganisha

Kosa la kwanza kwenye kompyuta ni kuchora mistari miwili inayokwenda upande mmoja na kushangilia. Bei ya dagaa imepanda miaka yote hii, ndege wamepungua. Ukizichora utapata uhusiano mzuri ajabu, na dagaa hajaua ndege yeyote. Dawa ni kutazama mabadiliko ya mwaka kwa mwaka. Toa idadi ya mwaka jana kwenye ya mwaka huu, fanya vivyo hivyo kwa kina cha ziwa, kisha linganisha tofauti kwa tofauti. Uhusiano ukibaki, una kitu mkononi. Jaribu pia kuchelewesha: ndege wanaokosa pa kutaga mwaka huu hupungua kwenye hesabu ya mwakani.

Njia yenye nguvu zaidi haihitaji hesabu kubwa. Tafuta sehemu mbili zenye mvua na kina kile kile cha maji, moja ina watu, nyingine haina. Rubondo hakuna mashamba. Ng'ambo, bara, yapo. Ziwa likipanda au kushuka, linapanda na kushuka kote kuwili. Ndege wakipungua kote, tabianchi inazidi kushukiwa. Wakipungua bara tu, mkono wa binadamu umo. Na wakipungua bara tu katika miaka ile ziwa liliposhuka, umepata ule mnyororo wa kwanza uliouchora: ukame ulifungua ardhi, jembe likamaliza. Kwangu jibu la aina hii ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa sababu kijiji hakiwezi kuongeza mvua lakini kinaweza kuamua kama tope la ufukweni litalimwa.

Kiasi gani cha miaka kinatosha? Mitatu haitoshi kwa tabianchi, hata ukilia. Ziwa lenyewe limechukua miongo kutoka 1964 hadi 2006 hadi 2020. Miaka mitatu inatosha kueleza kama moto na kukata mafunjo kunapunguza ndege, na hilo linafaa kuandikwa lenyewe huku ukiendelea kuhesabu.

Kuandika na kukabidhi

Andika kwa viwango. "Wamepungua" kama hesabu zimerekebishwa kwa wasiosikika. "Upungufu unaendana na kushuka kwa ziwa" kama tofauti za mwaka kwa mwaka zinakubaliana. "Ziwa liliposhuka lilisababisha" kama tu umepima kila pingili na umewaondoa watuhumiwa wengine. Usiruke ngazi kwa sababu mfadhili anapenda neno tabianchi.

Soma matokeo kwanza kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili au Kisukuma, kabla hayajaenda popote. Mara nyingi mvuvi mmoja atasimama na kukwambia kitu kilichotokea mwaka fulani ambacho hakimo kwenye jedwali lako. Ramani unayoisambaza isioneshe viota vilipo kwa usahihi. Sogeza alama kwa kilomita moja au zaidi. Kurasa za daftari zipige picha kila jioni, nakala ya takwimu iache TAWIRI, na nyingine kwenye shule ya jirani pamoja na ramani ya vituo na maelezo ya namna ya kuhesabu, ili mtu mwingine aweze kuendelea kwenye vituo vile vile.